Mfupa Ulio Chini ya Gegedu: Ujenzi Usiokoma Ndani ya Kiungo Kinachougua

Ndugu wasikilizaji, wataalamu wenzangu, na ninyi nyote mliokuja hapa kwa sababu goti au nyonga ya mtu wa nyumbani kwenu inamnyima raha ya kutembea:

Naomba nianze na neno moja tu, nalo ni kusagika. Mtu akitoka kupigwa eksirei ya goti, akaulizwa na ndugu zake daktari amesemaje, mara nyingi hujibu kwamba goti limesagika, au kwamba ute umekwisha na sasa mfupa unasuguana na mfupa. Jibu hilo nimelisikia mara nyingi, na nakiri kwamba miaka ya mwanzo ya kazi yangu mimi ndiye niliyekuwa nikilitoa, kwa kuwa ni fupi na linaeleweka upesi. Lina ukweli ndani yake, maana gegedu linalofunika ncha za mifupa hupungua kweli. Tatizo ni picha linayoiacha kichwani. Kitu kinachosagika ni kitu kisicho na uhai, kama jiwe au bawaba ya mlango, na kila kinapotumika kinapungua. Basi mgonjwa aliyeipokea picha hiyo huamua kuketi, ili asikimalize kile kilichobaki, na kwa mujibu wa picha aliyopewa uamuzi wake hauna kosa.

Ninalotaka kuwaeleza leo ni kwamba mfupa ulio chini ya gegedu hauna tabia ya jiwe. Una damu, una mishipa ya fahamu, una seli zinazobomoa na seli zinazojenga, na katika ugonjwa tunaouita ostioathritisi mfupa huo haukai ukingoja kusagwa. Unafanya kazi kuliko kawaida yake. Unajijenga upya kwa haraka, mahali pasipostahili na kwa vifaa visivyokomaa, na sehemu kubwa ya maumivu na ulemavu tunaouona inatokana na ujenzi huo uliopoteza kipimo.

Ukubwa wa jambo hili hauhitaji maneno mengi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 528 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, ongezeko la asilimia 113 tangu mwaka 1990. Goti ndilo linaloongoza, likiwa na watu milioni 365. Wengi wa wagonjwa, asilimia 73, wamepita umri wa miaka 55, na wanawake ni asilimia 60. Nikitaja hesabu hizo mbele ya hadhira, wapo wanaotazama vidole vyao kimyakimya, kwenye kiungo cha mwisho karibu na ukucha, mahali panapoota vinundu vigumu ambavyo daktari Mwingereza William Heberden alivieleza katika karne ya 18 na ambavyo mpaka leo vinaitwa kwa jina lake. Mwenye vinundu hivyo akivigusa, anachokigusa ni mfupa mpya. Hakuna jiwe linaloota kitu kipya kwa kusagwa.

Ili tuelewe kinachoharibika, hatuna budi kwanza kutazama kazi inavyokwenda pale mfupa unapokuwa na afya. Mfupa wa mtu mzima haukomi kufanywa upya. Kila mwaka karibu asilimia 10 ya mifupa ya mwili hubomolewa na kujengwa tena, na mfupa wenye vishimo kama sponji, ule ulio kwenye ncha karibu na viungo, hubadilishwa kwa kasi kubwa kuliko mfupa mzito wa gamba la nje. Kazi hiyo hufanywa na vikosi vidogo vidogo vya seli, ambavyo mtafiti wa Marekani Harold Frost alichangia sana kuvieleza kuanzia miaka ya 1960. Kwanza hufika ostioklasti, seli kubwa zenye viini vingi, ambazo hujibandika juu ya mfupa, humwaga asidi inayoyeyusha madini pamoja na vimeng'enya vinavyokata protini, na kuacha shimo dogo. Ubomoaji wa mahali pamoja huchukua wiki 3 hivi. Baada yake huja ostioblasti, seli za kujenga, ambazo hulijaza shimo hilo kwa muda wa miezi 3 hadi 4. Angalieni tofauti ya muda: kubomoa ni kazi ya wiki, kujenga ni kazi ya miezi, na popote penye kubomoa kwingi kwa wakati mmoja lazima pawepo mashimo mengi yanayosubiri.

Kwa lugha ya mafundi wa nyumba, kolajeni ndiyo nondo, na madini ya kalsiamu na fosfeti ndiyo zege. Ostioblasti hupanga nondo kwanza, kisha madini huanza kuingia. Sehemu kubwa ya madini huingia mapema, lakini kukomaa kwenyewe huendelea polepole kwa miezi mingi, hata miaka. Naomba jambo hilo la kukomaa polepole tulishike vizuri, kwa sababu ndilo litakalotufumbulia fumbo kubwa la ugonjwa huu.

Nani basi anayeamua wapi pabomolewe na wapi pajengwe? Kwa muda mrefu macho ya wataalamu yalikuwa juu ya wabomoaji na wajenzi, ilhali zaidi ya asilimia 90 ya seli za mfupa ni za aina ya tatu, ostiosaiti, zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe. Kila moja imekaa katika kishimo chake na kunyoosha matawi membamba kupitia vijifereji hadi kwa jirani zake. Mtu anapokanyaga, mfupa hupindika kwa kiasi kidogo mno, majimaji husukumwa ndani ya vijifereji, na ostiosaiti huhisi. Seli hizo hutoa protini iitwayo sklerostini, ambayo kazi yake ni kuwazuia wajenzi. Mzigo ukiongezeka, sklerostini hupungua na ujenzi huruhusiwa. Hutoa pia ishara ya kemikali iitwayo RANKL, inayowaita wabomoaji mahali palipopata ufa. Daktari wa upasuaji wa Ujerumani Julius Wolff alichapisha mwaka 1892 kazi yake kuhusu namna mfupa unavyojipanga upya kufuatana na mizigo unayobeba, na ostiosaiti ndizo zinazotuonyesha leo agizo la mpango huo linatoka wapi.

Sasa tushuke ndani ya kiungo, ghorofa kwa ghorofa. Juu kabisa lipo gegedu laini, lenye unene wa milimita chache, lisilo na mshipa wa damu wala wa fahamu. Chini yake ipo tabaka nyembamba ya gegedu lililotiwa madini, na baina ya tabaka hizi mbili upo mstari ambao chini ya hadubini huonekana wazi kama alama inayoachwa ufukweni na maji yaliyojaa; na kwa kweli wataalamu wameuita kwa jina hilohilo. Chini ya hapo lipo bamba la mfupa mgumu, na chini ya bamba zipo fito nyembamba za mfupa zilizosukwa kwa mpangilio, uboho ukiwa umejaa katikati yake. Ghorofa hizi hufanya kazi kwa pamoja. Mtu anaposhuka ngazi, gegedu hutandaza mzigo, bamba huupokea, na fito huusambaza hadi kwenye gamba la mfupa mrefu. Ghorofa moja ikibadilika, nyingine haziwezi kubaki kama zilivyokuwa.

Ugonjwa unapoanza, badiliko la kwanza katika mfupa ni kasi. Tafiti za wanyama ambao kano ya goti imekatwa makusudi, wakiwemo mbwa na panya, zimeonyesha kwamba katika kipindi cha mwanzo ubomoaji hupanda, bamba lililo chini ya gegedu huwa jembamba na kujaa vitundu, na baadhi ya fito hupotea. Hiki ndicho kipindi ambacho eksirei inaweza isionyeshe chochote cha kutisha. Kupitia vitundu hivyo mishipa midogo ya damu hupanda kutoka kwenye uboho, huuvuka mpaka na kuingia katika gegedu lililotiwa madini, na pamoja nayo hupanda nyuzi za fahamu. Gegedu lililokuwa halina njia ya kupeleka habari ya maumivu sasa limepata jirani mwenye njia hiyo. Ule mstari wa ufukweni nao husogea juu, wakati mwingine ukionekana mara mbili au tatu, kama kwamba maji yamejaa na kuacha alama mpya kila mara. Na kila unaposogea, gegedu laini hupungua kutokea chini, mahali ambapo hakuna kusuguana kokote. Hapo ndipo neno kusagika linaposhindwa kabisa. Gegedu linaliwa kutoka pande zote mbili: juu kwa kuharibika, na chini kwa kugeuzwa kuwa mfupa.

Wabomoaji wanapobomoa, huachilia pia kemikali zilizokuwa zimehifadhiwa ndani ya mfupa. Mojawapo ni kichocheo cha ukuaji kiitwacho TGF-beta. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Xu Cao katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins lilionyesha kwamba, kwa panya waliokatwa kano ya goti, kichocheo hiki huamka kwa wingi kupita kiasi katika mfupa ulio chini ya gegedu, huwakusanya wajenzi mahali pasipo pao, na kuanzisha visiwa vya mfupa ndani ya uboho. Kilipozuiwa ndani ya mfupa, gegedu la juu nalo liliharibika kidogo kuliko kwa panya wasiotibiwa. Panya si mtu, na tahadhari hiyo tuishike. Hata hivyo jaribio hilo lilitoa jambo zito: dawa iliyogusa mfupa ililinda kitu kilicho juu ya mfupa.

Kadiri ugonjwa unavyoendelea, mambo hugeuka. Ubomoaji hautawali tena, ujenzi unaushinda, na bamba lililokuwa jembamba huwa nene. Kwenye eksirei tunaona ukanda mweupe chini ya mahali ambapo nafasi ya kiungo imepungua. Hapa naomba niwapeleke kwenye meza moja ambayo sijaisahau.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu wetu alituwekea mezani kichwa cha mfupa wa paja kilichotolewa kwa mgonjwa aliyebadilishiwa nyonga. Kilikuwa kimejaa kiganja. Kwa pembeni bado kulikuwa na gegedu, la rangi ya manjano iliyofifia na lenye nyuzinyuzi kama kitambaa kilichochakaa. Juu, mahali panapobeba mwili, gegedu halikuwapo, na mfupa ulikuwa unang'aa. Ulikuwa laini chini ya kidole, mgumu, wenye rangi ya maziwa, na kitaalamu hali hiyo imepewa jina linalotokana na neno la Kilatini la pembe ya ndovu. Anayeushika haulizi kwa nini. Ukitazama kwa makini ungeona vitundu vidogo kama vya sindano. Ukingoni, kichwa kilikuwa kimezungukwa na ukuta wa mfupa ulioota, hata umbo lake la mviringo likawa limepanuka na kulala kama kofia ya uyoga. Kisha mwalimu akakikata kwa msumeno, kipande kwa kipande. Chini ya ile sehemu inayong'aa fito hazikuonekana tena. Palikuwa na mfupa uliosongamana, na ndani yake vishimo vitatu vya mviringo, kimojawapo kikiwa bado na ute mzito kama utomvu. Sentimita mbili chini zaidi, fito zilionekana tena, nyembamba na za kawaida.

Mwalimu akatuuliza: mfupa huu uliosongamana ni imara kuliko wa kawaida, au ni dhaifu? Sote tulijibu kwamba ni imara, na sote tulikosea, au tuseme tulipata nusu.

Jibu lake ndilo lile fumbo nililolitaja. Kwa wingi, mfupa huo umezidi: fito ni nene, zimekaribiana, na muundo mzima ni mgumu kupindika. Lakini kila kipande kidogo cha mfupa huo kikipimwa peke yake, mara nyingi hukutwa kina madini machache kuliko mfupa wa kawaida. Sababu iko katika kasi. Mfupa unaobomolewa na kujengwa mara kwa mara haupewi muda wa kukomaa. Ni kama ukuta unaobomolewa na kujengwa upya kabla zege la jana halijashika. Isitoshe, nondo zenyewe zimebadilika. Kolajeni ya mfupa kwa kawaida husokotwa kwa nyuzi tatu, mbili za aina moja na ya tatu ya aina nyingine. Katika mfupa wa mgonjwa wa ostioathritisi seli za kujenga hutoa kwa wingi kupita kiasi ule uzi wa aina ya kwanza, hata zikatokea kamba za nyuzi tatu zinazofanana, ambazo hushika madini vibaya. Basi tunapata kitu cha ajabu: mfupa mwingi, mzito kwenye picha, mgumu kwa jumla, lakini uliotengenezwa kwa zege changa na nondo zenye kasoro. Ndiyo maana naomba wenzangu tunaosoma eksirei tusiuite ukanda ule mweupe mfupa wenye nguvu mbele ya mgonjwa.

Vile vishimo vitatu navyo vina historia yake. Maelezo ni mawili, na yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wagonjwa tofauti. La kwanza husema ute wa kiungo husukumwa kwa shinikizo kupitia nyufa za bamba hadi ndani ya mfupa. La pili husema mfupa wenyewe huumia kwa kugongwa, sehemu ndogo hufa, wabomoaji huja kuondoa kilichokufa, na wajenzi hawalijazi shimo. Maelezo ya pili yamepata uzito tangu MRI, yaani picha zinazopigwa kwa nguvu ya sumaku, ilipoanza kutumika, kwa kuwa vishimo hivyo mara nyingi hutokea palepale ambapo picha za awali zilionyesha madoa katika uboho.

Madoa hayo ya uboho yanastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu yanatuunganisha na kile kinachomleta mgonjwa kwa daktari, yaani maumivu. Gegedu halina fahamu, haliwezi kuuma. Mwaka 2001 David Felson na wenzake wa Boston walichapisha utafiti wa watu 401 wenye ostioathritisi ya goti inayoonekana kwenye eksirei. Kati ya waliokuwa na maumivu, asilimia 77.5 walikuwa na madoa hayo. Kati ya wasio na maumivu, asilimia 30. Wenye magoti yaliyofanana kwenye eksirei walitofautiana katika uboho. Mwanzoni ilidhaniwa kwamba madoa hayo ni maji yaliyojikusanya tu, lakini vipande vilivyochukuliwa wakati wa upasuaji na kutazamwa chini ya hadubini vilionyesha zaidi ya hayo: uboho uliogeuka kuwa nyuzinyuzi, sehemu zilizokufa, nyufa ndogo za fito, na mfupa mpya unaojengwa kuzizunguka. Kwa maneno mengine, doa hilo ni eneo la ujenzi likiwa kazini. Nimewahi kuwa na mgonjwa aliyekuwa ameambiwa kwamba eksirei yake si mbaya kiasi cha kumfanya ashindwe kulala, na maneno hayo yalimuumiza pengine kuliko goti lenyewe. Picha ya MRI ilionyesha doa kubwa upande wa ndani wa mfupa wa muundi. Hakuwa anatia chumvi hata kidogo.

Juu ya mfupa unaoota ukingoni nitasema kwa ufupi. Vichomozo hivyo huanzia kwenye ngozi nyembamba inayofunika mfupa pale inapokutana na gegedu: seli changa huamshwa, hutengeneza gegedu kwanza, kisha gegedu hilo hugeuzwa mfupa, kwa hatua zilezile zinazomrefusha mtoto anayekua. Watu huviogopa na huomba vikatwe. Lakini kuna ushahidi kwamba hupanua uso wa kubebea mzigo na kupunguza mtikisiko wa kiungo kilicholegea, na kuvikata peke yake hakuondoi ugonjwa. Vinapobana mshipa wa fahamu au kuzuia goti kunyooka, hilo ni jambo jingine.

Lipo swali ambalo limewagawa wataalamu kwa miaka 50: kipi huanza, mfupa au gegedu? Katika miaka ya 1970 Eric Radin na wenzake nchini Marekani walitoa hoja iliyowashtua wengi. Waligonga miguu ya sungura kwa mapigo madogo ya kurudiarudia, wakaona mfupa ulio chini ya gegedu ukikakamaa, na gegedu likaharibika baadaye. Hoja yao ilikuwa kwamba mfupa ukipoteza ulegevu wake wa kupokea mishtuko, gegedu ndilo linalolipa. Wapinzani wao walikuwa na mifano yao ya gegedu linaloharibika kwanza. Baada ya kuwatazama wagonjwa kwa miaka mingi, maoni yangu ni kwamba swali hilo, likitakiwa jibu moja kwa wote, limekaa vibaya. Aliyevunjika mfupa ndani ya goti akiwa kijana, mwenye miguu iliyopinda tangu utotoni, na mama aliyepita ukomo wa hedhi ambaye mifupa yake inabadilishwa kwa kasi mwili mzima, hawaanzii mlango mmoja. Wote hufika kwenye nyumba moja, na ndani ya nyumba hiyo mfupa na gegedu huharibiana.

Ikiwa kasi ya ujenzi ndiyo tatizo, mtu atasema, basi tuipunguze kwa dawa. Hilo limejaribiwa, na matokeo yake yametufundisha kunyenyekea. Zipo dawa zinazowazuia wabomoaji, zinazotumika kwa mafanikio katika ugonjwa wa mifupa kupungua uzito. Mojawapo, risedroneti, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa goti karibu 2,500 wa Amerika Kaskazini na Ulaya kwa miaka 2, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: kipimo cha mabaki ya gegedu kwenye mkojo kilipungua, lakini maumivu na nafasi ya kiungo havikutofautiana na vya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Nyingine, asidi ya zoledroniki, ilitia moyo mwaka 2012, pale utafiti mdogo wa Australia ulipoonyesha madoa ya uboho na maumivu yakipungua katika miezi 6. Utafiti mkubwa zaidi wa watu 223 uliochapishwa mwaka 2020 haukuona faida kwa gegedu katika miaka 2. Dawa ya strontiamu raneleti ilipunguza kasi ya kusinyaa kwa nafasi ya goti katika utafiti wa mwaka 2013, lakini hatari yake kwa moyo ikasababisha matumizi yake Ulaya yawekewe mipaka mikali.

Wapo wanaosema kwamba matokeo hayo yamefunga mjadala. Mimi sikubali, na sababu yangu imo katika yale tuliyokwisha kuyasema. Ubomoaji hutawala mwanzoni. Ujenzi hutawala baadaye. Dawa ya kuwazuia wabomoaji, ikipewa mgonjwa ambaye bamba lake limekwisha kuwa nene, inampiga mtu aliyeshaondoka. Wagonjwa wa majaribio mengi walichaguliwa kwa eksirei, na eksirei husubiri mpaka mfupa ubadilike sana ndipo iseme. Ngazi tunayotumia kupima ugonjwa, ya Kellgren na Lawrence, ilitungwa mwaka 1957 na huhesabu toka 0 hadi 4 kwa kutazama zaidi nafasi iliyobaki na mfupa ulioota. Ni ngazi yenye manufaa, lakini haituambii kama mfupa wa goti hili, mwezi huu, unabomolewa au unajengwa. Mpaka tutakapowapanga wagonjwa kwa kipimo kinachotuambia hilo, tutaendelea kuzihukumu dawa kwa kuzipeleka kwa watu wasio wake.

Wakati tunangoja, kipo kitu kimoja ambacho mfupa umekuwa ukikisikia siku zote, nacho ni mzigo. Watu wazima wenye uzito uliozidi na ugonjwa wa goti walipochunguzwa na Stephen Messier na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, ilionekana kwamba kila kilo moja iliyopungua mwilini iliambatana na kupungua kwa kilo nne za mzigo juu ya goti katika kila hatua. Mtu hupiga maelfu ya hatua kwa siku. Ostiosaiti huzihesabu zote. Vilevile misuli ya paja inapoimarishwa kwa mazoezi yenye kipimo, goti hupokea mzigo kwa utaratibu badala ya kugongwa. Kwa hiyo mgonjwa anayeniuliza kama aketi, namjibu kwamba kukaa bila kutembea huondoa ishara ambayo mfupa unaihitaji ili ujipange, na hudhoofisha misuli inayoulinda. Kinachotakiwa kubadilishwa ni ukubwa wa mzigo na mahali unapoangukia.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa macho yangu, umetoka kwa madaktari wa upasuaji. Mgonjwa ambaye goti lake limepinda, mzigo wote ukiangukia upande wa ndani, anaweza kukatwa mfupa wa muundi chini ya goti na kunyooshwa. Baada ya hapo mfupa uliosongamana upande wa ndani hupungua msongamano wake, kwa kuwa haubebi tena kile ulichokuwa ukikibeba. Na nchini Uholanzi, wataalamu wa Utrecht wamekuwa wakitumia fremu ya chuma iliyofungwa nje ya mguu, yenye pini zinazopita kwenye mifupa, kuziachanisha pande mbili za kifundo cha mguu kwa milimita chache, mgonjwa akiendelea kukanyaga kwa muda wa miezi kadhaa. Wagonjwa waliotibiwa hivyo walipopimwa kwa picha za kompyuta katika miaka 2 iliyofuata, ilionekana mfupa uliokuwa umesongamana ukirudi karibu na kawaida, na vile vifuko vya ute, vishimo vya aina ileile niliyoiona katika kile kichwa cha paja mezani, vikianza kujaa mfupa. Waliopata badiliko kubwa zaidi katika mfupa ndio waliopata nafuu kubwa zaidi ya maumivu. Wagonjwa wa matibabu hayo ni watu ambao ugonjwa umewafikisha hatua ya kupendekezewa kufungwa kifundo cha mguu kwa chuma, kisisogee tena.